Maswali ya Wasomaji: Sarafu za Tabaka na Mihuri Iliyozipiga

Barua kadhaa zilizotufikia zinahusu jambo moja, nalo ni mabadiliko ya mwaka 1965 ambapo sarafu za Marekani za senti 10 na 25 ziliacha kutengenezwa kwa madini ya fedha na kuanza kutengenezwa kwa visahani vya tabaka, yaani vipande vya mviringo vyenye madini tofauti yaliyobebana, ambavyo bado havijapigwa picha. Wengine wameuliza kuhusu visahani vyenyewe, wengine kuhusu mihuri ya chuma iliyovipiga chapa. Tumezijibu pamoja kwa sababu mambo hayo mawili hayatenganishiki: madini yasiyokubaliana na muhuri hayawezi kuwa sarafu, hata yawe mazuri kiasi gani.

SWALI: Nina sarafu ya Marekani ya senti 25 ambayo nyuso zake zinang'aa kama fedha, lakini ukingoni ina mstari mwekundu. Je, ni shaba iliyochovywa fedha? Na kwa nini walichagua kuitengeneza hivyo?

JIBU: Ndugu msomaji, sarafu yako haikuchovywa wala kupakwa kitu chochote, na ndani yake hakuna fedha hata chembe. Mstari mwekundu unaouona ni shaba tupu, nayo ndiyo kiini cha sarafu hiyo. Juu na chini ya kiini kuna tabaka mbili za aloi yenye sehemu 75 za shaba na sehemu 25 za nikeli katika kila mia. Aloi hiyo ina weupe unaofanana na wa fedha, ijapokuwa sehemu kubwa yake ni shaba. Ukiipima sarafu nzima utakuta nikeli ni asilimia 8.33 tu, na kutokana na hesabu hiyo unaweza kujua unene wa tabaka bila kuikata: ikiwa robo ya kila tabaka la nje ni nikeli, na nikeli yote ni asilimia 8.33, basi tabaka mbili za nje kwa pamoja ni theluthi moja ya sarafu, na kila moja ni sehemu moja kwa sita. Theluthi mbili zilizobaki ni shaba. Katika sarafu ya senti 25, yenye unene wa milimita 1.75, kila tabaka la nje lina takriban milimita 0.29, unene ambao hakuna uchovyaji wa kawaida unaoukaribia.

Kuhusu sababu, hadi mwaka 1964 sarafu za senti 10, 25 na 50 zilikuwa na asilimia 90 ya fedha na asilimia 10 ya shaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mahitaji ya fedha duniani yalizidi kiasi kilichochimbwa, viwanda vya picha na vya umeme vikanunua zaidi na zaidi, na Hazina ya Marekani ikawa inazuia bei isipande kwa kuuza akiba yake kwa dola 1.29 kwa aunsi. Lau bei ingepita takriban dola 1.38, fedha iliyomo ndani ya sarafu hizo ingekuwa na thamani kubwa kuliko namba iliyoandikwa juu yake, na watu wangeziyeyusha badala ya kuzitumia. Wakati huohuo kulikuwa na uhaba mkubwa wa sarafu madukani na katika benki. Serikali ikaipa taasisi ya utafiti ya Battelle, iliyoko Columbus katika jimbo la Ohio, kazi ya kuchunguza ni madini gani yangeweza kuchukua nafasi ya fedha.

Mtu anaweza kudhani kwamba kazi hiyo ilikuwa ya kutafuta kitu cheupe, cha bei nafuu na kisichoshika kutu. Kama ingekuwa hivyo, ingemalizika kwa siku moja, kwa kuwa sarafu ya senti 5 ilikuwa tayari ikitengenezwa kwa aloi hiyohiyo ya shaba na nikeli. Ugumu wa kweli ulikuwa kwenye mashine za kuuzia bidhaa, simu za kulipia na mita za maegesho, ambazo zilikuwa zimeenea nchini kote na zilikuwa zimeundwa kuitambua sarafu ya fedha. Ndani ya mashine bora za wakati huo, sarafu iliteremka kwenye njia yenye mteremko na kupita mbele ya sumaku ya kudumu. Sumaku haivuti fedha wala shaba, lakini madini yanayopitisha umeme vizuri yanapopita mbele ya sumaku, mikondo midogo ya umeme huzuka ndani yake na kuipunguzia sarafu mwendo. Sarafu ya kweli ilipunguzwa mwendo kwa kiasi kinachojulikana, ikadondoka mahali panapostahili. Kipande cha madini yasiyopitisha umeme vizuri kilipita kwa kasi, kikagonga kizuizi na kutupwa nje.

Kwa mtihani huo, aloi ya shaba na nikeli peke yake ilishindwa kabisa, maana uwezo wake wa kupitisha umeme ni karibu sehemu moja kwa ishirini ya ule wa shaba. Nikeli tupu ilishindwa kwa sababu ya pili: yenyewe huvutwa na sumaku na kunasa njiani. Chuma kisichoshika kutu hakipitishi umeme vizuri, tena ni kigumu, na huila mihuri haraka. Shaba tupu ingefaulu mbele ya sumaku, lakini rangi yake ni ya senti moja, na hakuna mtu angeipokea kama senti 25. Hapo ndipo wazo la tabaka lilipoonyesha thamani yake: shaba ya katikati huzungumza na mashine, na aloi nyeupe ya nje huzungumza na macho ya mtu. Mimi nauhesabu uamuzi huo kuwa miongoni mwa suluhisho safi kabisa katika historia ya utengenezaji wa sarafu, kwa sababu haukumlazimisha mwenye mashine yoyote kununua mashine mpya. Uzito ulipungua, kutoka gramu 6.25 hadi 5.67 kwa senti 25, na kutoka gramu 2.50 hadi 2.27 kwa senti 10, lakini upungufu huo ulikuwa ndani ya kiasi ambacho mashine ziliweza kukivumilia.

Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Sarafu tarehe 23 Julai 1965. Nusu dola ilibakiziwa fedha kidogo: tabaka za nje zilikuwa na asilimia 80 ya fedha, kiini kilikuwa na takriban asilimia 21, na sarafu nzima ilikuwa na asilimia 40. Mtindo huo uliendelea hadi mwaka 1970, kisha nusu dola nayo ikafuata njia ya wenzake.

SWALI: Tabaka hizo tatu ziliunganishwaje bila gundi na bila kuyeyushwa? Mimi ni mwanafunzi wa ufundi wa vyuma, na kila nikijaribu kuelewa naona kwamba zingelazimika kubanduka zinapopigwa.

JIBU: Swali lako ni la fundi wa kweli. Madini mawili yaliyo safi kabisa hushikana yenyewe yakikaribiana vya kutosha. Kinachoyazuia kila siku ni utando wa oksidi, mafuta na unyevu ulio juu ya kila uso. Kwa hiyo kazi yote ni kuuondoa utando huo na kuzikutanisha nyuso kabla haujarudi.

Njia iliyotumika zaidi ilikuwa ya rola. Kampuni ya Texas Instruments, kupitia kiwanda chake cha Attleboro katika jimbo la Massachusetts, ilikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kuunganisha mabamba ya madini tofauti kwa ajili ya vidhibiti joto, ambavyo hutegemea tabaka mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti. Mabamba matatu marefu, la shaba katikati na mawili ya aloi pembeni, yalisafishwa kwa kemikali na kusuguliwa kwa brashi za waya, kisha yakaingizwa kwa pamoja kati ya rola nzito zilizopunguza unene wake kwa kiasi kikubwa katika mpito mmoja. Bamba linaponyooshwa namna hiyo, uso wake hupanuka, utando uliobaki hupasuka vipandevipande, na madini mapya yasiyowahi kuguswa na hewa hujitokeza katikati ya nyufa na kushikana na ya jirani. Muungano wa mwanzo ni dhaifu. Bamba hupitishwa kwenye tanuru, na kwa joto hilo atomi za pande zote mbili huhama na kuingiliana kwenye mpaka, hadi unapojaribu kulibandua, madini yenyewe huchanika kabla ya kiungo kuachia.

Njia ya pili ilikuwa ya kishindo kwa maana halisi. Kampuni ya DuPont ilikuwa imebuni namna ya kuunganisha mabamba kwa baruti. Bamba la juu huwekwa juu ya la chini likiachwa na nafasi ndogo, na juu yake hutandazwa baruti inayowashwa upande mmoja. Mlipuko unaposafiri, bamba la juu huligonga la chini kwa pembe na kwa kasi kubwa sana, kiasi kwamba mchirizi mwembamba wa madini huruka mbele ya mgongano ukifagia utando wote wa oksidi. Ukikikata kiungo hicho na kukitazama kwa hadubini, utaona mpaka wenye mawimbi yanayofanana kama ya bahari iliyotulia. Pande kubwa lililopatikana lilipelekwa kwenye rola na kunyooshwa hadi unene wa sarafu, na tabaka zake zilipungua kwa uwiano uleule.

Bamba likiwa tayari, visahani vilikatwa kwa mashine kama ilivyokuwa kwa fedha, vikalainishwa kwa joto, vikaoshwa, vikakaushwa, na ukingo wake ukainuliwa kwa kuviringishwa kwenye mfereji mwembamba. Hatua ya kulainisha ilitaka uangalifu mpya. Shaba tupu hulainika kwa joto dogo, na ikizidishiwa moto chembe zake hukua na uso wake kuwa wa kukwaruza. Aloi ya nikeli huhitaji joto kubwa zaidi ili ilainike vizuri. Fundi wa tanuru alilazimika kutafuta kiwango kinachozifaa zote mbili.

Kuna jambo moja ambalo maandishi mengi hayaligusi, nami nadhani ndilo gharama iliyofichika ya sarafu za tabaka. Visahani vya mviringo vinapokatwa kwenye bamba, sehemu kubwa ya bamba hubaki kama wavu. Zamani wavu wa fedha uliyeyushwa na kumiminwa upya, ukawa bamba lilelile. Wavu wa tabaka ukiyeyushwa hutoa aloi ya tatu, yenye shaba asilimia 91.67 na nikeli asilimia 8.33, ambayo haifai kuwa kiini wala kuwa tabaka la nje. Lazima iongezewe nikeli ndipo irudi kuwa aloi ya nje, na tabaka za nje ni theluthi moja tu ya bamba, hivyo hesabu ya mabaki huwa sehemu ya mpango wa uzalishaji tangu mwanzo.

Kuhusu hofu yako ya kubanduka, ilikuwa na msingi, na mwishoni mwa safu hii utaona kwamba wakati mwingine ilitokea.

SWALI: Muhuri wa sarafu ni wa chuma kigumu. Je, nani alichonga picha ndogo namna ile kwenye chuma, tena kinyumenyume? Na muhuri ukiisha, ulichongwa upya?

JIBU: Katika zama za kale jibu lilikuwa ndiyo, kila muhuri ulichongwa kwa mkono. Wayunani na Warumi walitumia mihuri ya shaba ngumu na ya chuma. Mmoja ulipachikwa kwenye fuawe, mwingine ulishikwa kwa mkono na kupigwa nyundo, na kisahani kikawa katikati. Ndiyo sababu hakuna sarafu mbili za kale kutoka mihuri tofauti zinazofanana kabisa.

Katika karne ya 20 mchongaji hakukigusa chuma hadi mwisho. Alianza na udongo au plasta, akitengeneza picha ya mwinuko yenye upana mara nyingi zaidi ya sarafu, ili aweze kuzifanyia kazi nywele, kope na herufi kwa ukubwa ambao mkono unaweza kuutawala. Plasta hiyo ilitolewa nakala ngumu, ama kwa kuotesha shaba juu yake kwa njia ya umeme, ama kwa utomvu mgumu wa kemikali. Nakala hiyo ndiyo iliyopelekwa kwenye mashine ya kupunguza, iliyobuniwa na Mfaransa Victor Janvier na kuanza kutumiwa na kiwanda cha sarafu cha Philadelphia mwanzoni mwa karne ya 20. Upande mmoja wa mashine ncha butu hupita taratibu juu ya nakala kubwa inayozunguka. Upande wa pili, kwenye mkono uleule wenye egemeo moja, kisu kidogo hurudia kila mwendo kwa udogo juu ya kipande cha chuma kinachozunguka pia. Kazi huanza katikati na kwenda nje kwa mizunguko iliyosongamana, mara ya kwanza kwa ukali na mara ya mwisho kwa ncha nyembamba sana, na huweza kuchukua siku kadhaa.

Kinachotoka hapo si muhuri. Ni kigezo kikuu, yaani chuma chenye picha iliyoinuka na kusomeka sawasawa kama ilivyo kwenye sarafu. Kigezo hicho hurekebishwa kwa mkono, hupashwa moto, huzamishwa ili kipoe ghafla na kiwe kigumu, na kisha hukandamizwa kwa nguvu kubwa na kwa taratibu kwenye kipande cha chuma laini, ambacho hupata picha iliyozama na kugeuzwa. Huo ndio muhuri mkuu. Muhuri mkuu nao ukishakuwa mgumu hutoa vigezo vya kazi, na vigezo vya kazi hutoa mihuri ya kazi, ambayo ndiyo pekee inayoingia kwenye mashine za kupigia sarafu. Kwa hiyo muhuri wa kazi ukipasuka au ukichakaa, na kila mmoja huchakaa, hakuna anayerudi kwa mchongaji. Hutolewa mwingine kutoka kwenye kigezo, na kazi ya asili hubaki salama kabatini.

Uso wa chuma laini hauachwi bapa. Huchongwa kuwa na kilele kidogo katikati, ili kigezo kianze kugusa kilele hicho na chuma kitiririke kuelekea pembeni kikijaza picha. Katika miaka tunayoizungumzia, mkandamizo mmoja haukutosha. Chuma kinapokandamizwa hukakamaa, kwa hiyo kilirudishwa tanuruni kulainishwa, kikasafishwa na kukandamizwa tena. Mara ya pili kigezo kilitakiwa kiingie mahali palepale. Kisipoingia sawasawa, muhuri hupata picha mbili zilizopishana, na kila sarafu inayopigwa nao huzionyesha. Sarafu ya senti moja ya mwaka 1955 kutoka Philadelphia, yenye tarehe na maandishi yanayoonekana mara mbili kwa macho matupu, ilizaliwa kwa namna hiyo.

Baada ya hapo alama ya kiwanda, kama ilihitajika, ilipigwa kwa nyundo kwenye kila muhuri wa kazi mmoja mmoja. Kisha muhuri ulikazwa kwa moto na kupozwa, ukapunguzwa ukali wa ugumu wake ili usiwe mwepesi wa kupasuka, ukang'arishwa. Tarehe haikupigwa kwa mkono kwa sababu ilikuwa tayari ndani ya kigezo. Hilo lina uhusiano na habari yetu: sarafu za fedha zilizopigwa mwaka 1965 ziliendelea kubeba tarehe ya 1964 kwa makusudi, ili wakusanyaji wa sarafu wasipate sababu ya kuziondoa sokoni, na sarafu za tabaka ndizo zilizobeba tarehe 1965.

SWALI: Nimeona picha ya sarafu yenye sura ya Martha Washington na tarehe 1759. Marekani haikuwa imezaliwa mwaka huo. Hii ni sarafu gani?

JIBU: Siyo sarafu, nayo iliumbwa ili isiweze kuwa sarafu. Madini mapya hayawezi kuhukumiwa kwa kupimwa maabara peke yake. Lazima yapigwe kwa muhuri halisi, kwenye mashine halisi, ili ionekane kama yanatiririka hadi kwenye ncha za herufi, kama ukingo unapata meno yake (mistari midogo ya pembeni) kamili, kama tabaka zinabaki zimeshikana, na muhuri unachakaa kwa kasi gani. Aloi ya nikeli ni ngumu kuliko fedha, na swali hilo la mwisho lilikuwa la gharama kubwa. Hata hivyo, kama majaribio yangefanywa kwa mihuri ya kawaida, kila kipande kilichotoroka kiwandani kingekuwa sarafu ya halali kwa sura lakini yenye madini ambayo sheria haikuyaruhusu.

Ndipo wakatengeneza mihuri ya majaribio. Sura ya Martha, mke wa George Washington, ilichongwa na Edward R. Grove, pamoja na neno Virginia na mwaka 1759, ambao ni mwaka wa ndoa yao. Upande wa pili una nyumba ya Mount Vernon, kazi ya Philip Fowler. Hakuna thamani iliyoandikwa na hakuna jina la nchi. Mihuri iliandaliwa kwa ukubwa wa senti 10, senti 25 na nusu dola. Uchaguzi wa kuweka sura ya mtu, badala ya mistari au alama tupu, ulikuwa na maana ya kiufundi: kichwa kilichoinuka upande mmoja hunyonya madini kutoka upande wa pili unaoelekeana nacho, na jaribio lisilo na kichwa lingeficha tatizo ambalo sarafu halisi ingelikuta siku ya kwanza. Mihuri ya Martha ilifaa kiasi kwamba muundo huo uliendelea kutumiwa kwa majaribio mengine kwa miongo kadhaa, yakiwemo ya sarafu ya dola moja ya rangi ya dhahabu iliyotolewa mwaka 2000.

SWALI: Rafiki yangu ana senti 25 ambayo upande mmoja ni mweupe na upande wa pili ni mwekundu mtupu. Je, ni ya bandia?

JIBU: Ipimeni uzito kabla ya kuihukumu. Tabaka moja la nje linapobanduka kabla ya kisahani kupigwa, picha huchapwa moja kwa moja kwenye shaba, ikiwa safi na kamili, na sarafu hupoteza sehemu moja kwa sita ya uzito wake, yaani hubaki na takriban gramu 4.7 badala ya 5.67. Ikiwa uzito ni huo na picha ya upande mwekundu haina makovu, sarafu hiyo huenda ni kosa halisi la kiwandani, na kiungo chake kiliachia kwa sababu ya uchafu uliobaki kati ya mabamba kabla ya rola. Ikiwa tabaka lilibanduka baada ya kupigwa, picha ya upande mwekundu itakuwa hafifu na yenye ukungu. Na ikiwa uzito ni gramu 5.67 kamili, rangi hiyo nyekundu huenda imeongezwa juu ya sarafu ya kawaida baada ya kutoka kiwandani, ama kwa kemikali ama kwa umeme.